Majike wa Nyamirambo, Madume wa Gatsata

Niliondoka Mwanza kwenda Kigali kwa sababu nilipuliza dawa ya mbu.

Nyumbani kwetu Igogo kuna tangi la kioo lenye ukubwa wa kreti mbili za soda, na ndani yake baba yangu alikuwa akifuga uduvi wekundu. Si uduvi wa kukaanga. Hawa ni wa mapambo, wa maji baridi, urefu wao ni kama ukucha wa kidole gumba, wekundu kama pilipili iliyoiva, na kazi yao mchana kutwa ni kulambalamba mawe. Baba alikuwa fundi saa hadi watu walipoacha kuvaa saa. Mteja wake mmoja aliyehama mji alimwachia tangi na uduvi kumi na wawili, na baba, ambaye macho yake yalikwisha zoea vitu vidogo, akawapokea kama saa kumi na mbili zinazojitembeza zenyewe. Walizaana hadi wakakaribia mia mbili. Alikuwa akiamka anawasalimia wao kabla yangu.

Jioni ile mbu walizidi. Nikapuliza dawa sebuleni, nikafunga mlango, nikaenda kulala. Tangi sikulifunika. Asubuhi uduvi walikuwa wamelala ubavu chini kwenye changarawe, na waliobaki hai walikuwa tisa.

Baba aliwatazama wale tisa mmoja mmoja kwa lenzi yake ya kubana jichoni, kisha akasema, "Majike. Wote tisa ni majike."

"Itakuwa joto, baba," nikasema. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na moja, watoto wangu pacha wamekwisha oa, na nilisimama pale nikisingizia joto kama mtoto aliyevunja bakuli.

Majike tisa bila dume ni tangi la wajane. Nikaenda kwenye kundi letu la WhatsApp la wafugaji wa uduvi, ambalo lina watu ishirini na kitu kutoka nchi nne. Anayeheshimiwa kuliko wote humo ni Hamada, fundi cherehani wa Nyamirambo, Kigali. Picha zake ni za uduvi wakubwa, wekundu, wamejipanga kwenye kioo kama vifungo vya koti. Nikamwomba madume sita. Akajibu kwa sauti kwamba yeye hapakii viumbe kwenye buti la basi kama vitenge. "Mama Kulwa, njoo mwenyewe. Na uje na maji ya kwenu niyaonje."

Nilidhani kuonja ni namna ya kusema tu.

Saa kumi na moja alfajiri, siku ya Alhamisi, nilikuwa kituo cha Nyegezi nikiwa na begi, mifuko kumi mizito ya plastiki ya kubebea uduvi, na maji ya tangi letu kwenye chupa ya kioo iliyokuwa ya asali. Baba alinisindikiza. Alinipa lenzi yake, imefungwa kwenye leso.

"Usipokee dume kabla hujamtazama," akasema. "Jike ni pana, tumbo limejikunja kama jahazi la karatasi, rangi imekolea. Dume ni mwembamba, amepauka, hatulii. Watu watakupa jike dogo wakuambie ni dume."

Tulivuka Busisi, tukapita Geita, Runzewe na Lusahunga, na saa tisa alasiri tukafika mpakani Rusumo. Kwenye ukaguzi, afisa mmoja mpole alichukua mifuko yangu yote kumi akaniambia, kwa adabu, kwamba Rwanda mfuko wa plastiki hauingii. Nilijua, ila nilijua kama watu wanavyojua kwamba sukari si nzuri. Kisha akainua chupa ya asali. Maji yalikuwa na rangi ya chai hafifu, na kipande cha mwani kilikuwa kikielea.

"Hii ni nini, mama?"

Kumweleza kuhusu uduvi, wajane na Hamada kulionekana ni kazi ndefu, na nyuma yangu watu walikuwa wamepanga foleni. "Maji ya kunywa," nikasema.

Akaitazama chupa, akanitazama. "Basi kunywa kidogo."

Nikanywa. Ili ionekane kweli ni maji ya kunywa nikanywa nusu, mwani nikaumeza, nikasema "Ahh." Afisa akanirudishia chupa kwa heshima kubwa, akanitakia safari njema.

Ng'ambo ya daraja basi lilihamia upande wa kulia wa barabara, nikarudisha mshale wa saa yangu nyuma saa moja, na saa hiyo ya nyongeza niliitumia kusikiliza tumbo langu.

Jioni tulishuka Nyabugogo. Nikamwambia mwendesha pikipiki anipeleke Nyamirambo kwa Hamada fundi. Akanipa kofia ngumu, kisha akageuka. "Hamada ya uduvi? Ile fundi hashonaki tena. Suruari yangu iko kwake toka mwezi wa pili. Mukifika, mumuurize."

Nyumba ya Hamada iko kwenye mteremko, chumba cha mbele ndicho cha kazi. Yeye ni mtu mrefu, ana tepu shingoni hata wakati wa kula. Mkewe, Mwamini, alinikumbatia kwenye kizingiti kama ndugu aliyepotea. Cherehani ilikuwa katikati ya chumba, na kila mguu wake ulikuwa umevalishwa kandambili kuukuu. Kuzunguka kuta zote kulikuwa na nguo za watu zilizokatwa na hazijashonwa.

"Mashine inatetemesha maji," Mwamini akanieleza. "Uduvi wakijivua gamba wanataka utulivu. Kandambili hazikusaidia. Sasa tunashona na mkono. Mimi na yeye. Wiki hii tu kuna kanzu tatu na gauni ya harusi."

"Mama Kurwa," akasema Hamada, maana l ya jina la mwanangu ilimshinda tangu mwanzo hadi mwisho, "maji iko wapi?"

Nikampa chupa. Hakuuliza kwa nini imebaki nusu. Alimimina kidogo kwenye kifuniko, akatia mdomoni, akafumba macho, akayasukasuka kutoka shavu hadi shavu, akatema dirishani. "Hii maji iko na chuma," akasema. "Iko na chokaa kidogo. Na iko na..." Akafungua jicho moja. "Asali?"

Asubuhi ya Ijumaa, jua lilipoingia chumbani, nilipiga magoti mbele ya tangi la Hamada, nikabana lenzi jichoni. Nilikuwa nimeona picha zake kwa miaka miwili, na ana kwa ana uduvi wale walikuwa wazuri kuliko picha. Wa kwanza alikuwa mpana, tumbo limejikunja, rangi imekolea. Jike. Wa pili, jike. Wa tatu, jike. Nilipofika wa kumi na tano goti langu lilianza kuuma, nikageuka.

"Kaka Hamada, madume wako wapi?"

"Wamejificha."

Tukaondoa mawe. Tukaondoa mwani. Tukaondoa kikombe cha udongo alichowawekea. Hapakuwa na mtu aliyejificha. Walikuwa arobaini na moja, na wote arobaini na moja walikuwa majike.

"Wamezaa lini mara ya mwisho?" nikauliza.

"Wanapumzika," akasema Hamada.

"Tangu lini?"

Kutoka jikoni Mwamini akapaza sauti: "Mueleze ya Dezire!"

Hamada akakaa kwenye kiti cha cherehani na kuanza kukunja na kukunjua tepu yake. Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kwa miaka mitano alifuga uduvi pamoja na Dezire, fundi wa kunyoosha bodi za magari, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, mkatoliki, rafiki yake wa kila siku. Tangi lilikuwa moja, hapo hapo chumbani. Mwezi wa Ramadhani uliopita Dezire alikuja adhuhuri akawasha jiko palepale kwenye chumba cha kazi, akachemsha boga la kuwalisha uduvi. Harufu ikajaa nyumba nzima. Hamada alikuwa amefunga. Akamwomba achemshe kwake, au angoje jioni. Kesho yake Dezire akachemsha tena. Keshokutwa tena. Wakagombana, na wiki hiyohiyo mji wote ukawa unasema kwamba Hamada anawafungisha uduvi Ramadhani.

"Msikitini watu waliniuliza kama wanaswari pia," akasema Hamada.

Wakagawana. Watoto wa uduvi walikuwa wamekwisha kwenda kwa wateja, walibaki wazazi tu. Hamada akashika wavu, na kwa hasira akajichagulia wakubwa, wanene, wekundu. Vile vidogo vilivyopauka akamwachia Dezire.

Nilitaka afike kwenye jibu mwenyewe. Alifika polepole, nilimwona anafika. Tepu ilisimama mkononi.

"Wakubwa wekundu," akasema.

"Ndiyo, kaka."

"Nilichagua wanawake watupu."

"Ndiyo."

Wachache waliokuwa na mayai siku ya mgawo waliyaangua, lakini watoto hao waliliwa na samaki wawili wa mapambo ambao Hamada aliwaweka ili tangi lisionekane pweke. Tangu hapo ilikuwa imepita miezi saba. Uduvi hawa wanaishi mwaka mmoja na nusu, wakibahatika miwili. Majike wale walikuwa wamekula miezi saba ya umri huo mfupi wakingoja, na miezi mingine michache tu ilitosha kuufuta ukoo alioulea kwa miaka mitano. Hamada alilitazama tangi lake kama mtu aliyegundua kwamba barua zote alizotuma hazikuwa na anwani.

Mchana wa siku hiyohiyo nilipanda pikipiki kwenda Gatsata. Si mbali. Unashuka Nyabugogo, unapanda kidogo, umefika kwenye gereji. Nilimkuta Dezire amelala chini ya gari, nikajitambulisha kwa miguu yake. Alitoka, mtu mfupi, mpana, mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua, akafuta mikono na kuniambia "mukaribie, mama" mara tatu.

Tangi lake alilitengeneza mwenyewe kwa vioo vya madirisha ya basi. Kioo cha mbele bado kilikuwa na ile alama nyekundu ya mlango wa dharura na picha ya nyundo ndogo. Nyuma ya alama hiyo uduvi wembamba, waliopauka, walikuwa wakizunguka tangi kwa kasi bila kupumzika.

"Wanatembea hivyo mchana na usiku," akasema Dezire. "Nilizani iko na njaa. Nikaongeza chakula. Nikazani ni baridi. Nikawafunika na brangeti."

Nikatazama kwa lenzi. Sikuhitaji kumaliza. "Baba," nikamwambia, kwa maana ndivyo mwanamume anavyoitwa kwa heshima kule, "hawa wote ni madume."

"Wote?"

"Wote."

Akavua kofia. "Na wa Hamada?"

"Majike. Wote."

Kwanza hakuelewa, halafu akaelewa, akacheka. Alicheka akiwa ameshika boneti la gari la mteja. "Alichagua wazuri! Hamada alichagua wazuri!" Mafundi wenzake walikuja kuuliza kuna nini, akawaeleza, nao wakacheka bila kujua uduvi ni nini. Kisha kicheko kikamwisha ghafla, akageuka kutazama mlango wake wa dharura.

"Na mimi miezi saba nawatafutia dawa ya kuzaa," akasema.

Nikamwomba madume sita wa baba yangu. Akauliza nimelala wapi. Nikasema kwa Hamada. Akarudisha kofia kichwani.

"Mama, mimi sina ubaya na weye. Ila nikikupa leo, utapita kwake, atawaona, atakuomba wawiri tu, utampa, kwa sababu umekula chakula yake. Hapana. Madume yangu hatoki hapa mpaka Hamada aje mwenyewe ayaombe."

Nilirudi Nyamirambo na ujumbe. Hamada aliusikiliza akiwa na sindano mdomoni.

"Siendi."

"Kaka, ni pikipiki moja tu."

"Yeye ndiye alipika boga."

Wakati wa chakula aliniuliza mara mbili kama Dezire amekonda. Nilipomwambia kwamba anawafunika uduvi blanketi, alitoka nje akasimama uani muda mrefu.

Mwamini ndiye aliyetafuta njia. Masaka, nje kidogo ya mji, anakaa Mama Solange, mfuga kuku, ambaye zamani Hamada alimshonea nguo na Dezire akamnyooshea gari, na anawapenda wote wawili. Mwamini alimpigia simu Jumamosi asubuhi, kwa Kinyarwanda. Nami nilimwambia Dezire kwamba Masaka si kwa Hamada, na kwenda Masaka si kumfuata Hamada, ni kumtembelea Mama Solange huku ukiwa na ndoo. Akafikiri, akakubali. Mwamini alimwambia Hamada maneno hayohayo, naye akakubali.

Jumapili baada ya misa tulifika Masaka kwa mabasi tofauti. Hamada alikuwa amewabeba majike kwenye sufuria ya pilau, kifuniko kimefungwa kwa kitambaa cha gauni la harusi la mtu. Dezire alitangulia, alikuwa na ndoo mpya, imefunikwa taulo. Tulipoingia uani kwa Mama Solange tulisimama.

Viti vilipangwa safu mbili zikitazamana, chini ya turubai. Kulikuwa na maua. Kulikuwa na majirani kama thelathini, wamevaa vizuri. Mama Solange mwenyewe alikuwa amevaa mushanana, lile vazi la kufunga begani la sherehe, na kando yake alikuwa jirani yake Vianney, dereva mstaafu wa malori, mwenye koti na fimbo, ambaye ndiye msemaji wa posa zote za Masaka.

"Bibi harusi wako wapi?" akauliza Mama Solange huku akinyoosha shingo kutazama nyuma yetu.

Hamada akafungua kitambaa, akainua kifuniko.

Mama Solange akainama juu ya sufuria. "Mwamini," akasema, "hii ni indagara." Indagara ni dagaa.

"Ni uduvi, mama."

"Wewe kwa simu uliniambia wasichana arobaini na mmoja wa kwa Hamada na vijana wa kwa Dezire, wakutane kwangu, waoane. Nilizani ni ndoa ya pamoja!"

Mwamini akasema alidhani Mama Solange anajua kwamba Hamada hana wasichana arobaini na mmoja. Mama Solange akasema siku hizi hujui watu wana nini. Majirani wakaanza kusogea kutazama sufuria, wengine wakaenda kwenye ndoo, mama mmoja akauliza kama watakaangwa, na mimi nikatamani ardhi ya Masaka inimeze.

Vianney ndiye aliyegonga fimbo chini. "Nimevaa koti," akasema kwa Kiswahili chake cha barabarani, cha Mombasa hadi Bujumbura. "Nimeacha chakula kwa moto. Watu wamekaa. Kazi itafanyika."

Basi ikafanyika. Sufuria ikawekwa mbele ya safu ya kulia, ndoo mbele ya safu ya kushoto. Hamada akakalishwa kulia kama baba wa mabinti, Dezire kushoto kama baba wa vijana. Mimi nikawekwa katikati kama mshenga. Vianney akauliza vijana wanatoka wapi, Dezire akasema Gatsata. Akauliza wanafanya kazi gani, Dezire akatazama ndoo, akasema wanasafisha mawe. Majirani wakaitikia kwamba ni kazi nzuri.

Katika posa za kule, upande wa mabinti lazima ulalamike kwanza. Ni desturi: wanatafuta kosa la zamani, upande wa pili unaomba radhi, ndipo mambo yanaendelea. Kwa kawaida kosa ni la mchezo. Vianney akamgeukia Hamada. "Upande wa mabinti, muna neno na watu hawa?"

Hamada alikuwa ametazama chini. "Niko nalo," akasema.

Akasema. Alisema habari ya boga. Alisema kwamba kufunga si kitu, kufunga amezoea, ila rafiki yake alijua na akachemsha. Alisema kuhusu msikitini. Majirani waliokuwa wanacheka waliacha kucheka, maana sauti yake haikuwa ya mchezo.

Vianney akageuka. "Upande wa vijana?"

Dezire akasimama, akavua kofia. "Siku ya kwanza nilisahau kama ni Ramadhani," akasema. "Siku ya pili nilikuwa na hasira sababu ulinikemea mbele ya mteja. Siku ya tatu..." Akazungusha kofia. "Siku ya tatu nilichemsha makusudi. Na yale maneno ya kufungisha uduvi, ni mimi niliyasema, gereji, ili watu wacheke. Sikujua yatapanda mpaka Nyamirambo."

Vianney, ambaye nadhani hakutegemea posa yake ifike huko, akatafuta mahali pa kupeleka macho, akanikuta mimi. "Na mshenga? Wewe umetoka mbali. Umeletwa na nini?"

Nilikuwa na jibu zuri tayari, juu ya upendo wangu kwa viumbe vya majini. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba niliwaua uduvi wa baba yangu, karibu mia mbili, kwa dawa ya mbu, na nikamwambia ni joto, na kwamba nimepanda basi kutwa nzima nikanywa maji ya tangi ili nisimwambie.

Hamada akainua uso. "Ulikunywa ile maji?"

"Nusu."

Alinitazama, kisha akatazama ng'ambo kwa Dezire. "Huyu mama ametoka Mwanza," akasema. "Na mimi Gatsata, ni pikipiki moja, imenishinda." Akasimama, tepu inaning'inia. "Dezire. Na mimi nilichagua wazuri makusudi. Naomba madume."

"Wachukue," akasema Dezire. "Wachukue, sha. Wamenichosha." Sha, kule, ni neno la kumwita rafiki.

Hawakukumbatiana. Walienda wote wawili kwenye sufuria na kuanza kubishana juu ya joto la maji.

Uduvi hawamiminwi tu kutoka maji haya kwenda maji yale, wakishtuka wanakufa. Inatakiwa maji yachanganywe tone kwa tone. Hamada akatoa uzi mnene wa pamba mfukoni, akaulowanisha, akatumbukiza ncha moja kwenye sufuria iliyowekwa juu ya kiti, nyingine akaiacha ining'inie juu ya ndoo. Tone. Tone. Kazi hiyo ilichukua saa mbili na nusu, na hakuna mgeni hata mmoja aliyeondoka. Tulikula ndizi na kuku, tukanywa maziwa ya mgando, huku watu thelathini wakitazama uzi. Vianney alitoa hotuba yake yote, ile ndefu. Madume walipoachiwa kwa majike kwenye beseni jeupe la Mama Solange, walizunguka mara moja, mara mbili, kisha wakatawanyika kila mmoja na njia yake, na Mama Solange, bila kuambiwa na mtu, akapiga vigelegele.

Jioni ile, tukiwa bado Masaka, nilitoka nje ya turubai nikampigia baba.

"Baba, haikuwa joto. Ni mimi. Ni dawa ya mbu."

"Najua," akasema. "Niliamka nikasikia harufu. Na chupa uliificha chini ya kochi langu."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Sikujua utapitia Rwanda kwanza."

Jumatatu alfajiri niliondoka Nyabugogo na madume wanane kwenye chupa ya chai ya Mwamini, mdomo umefungwa kitambaa cha pamba. Hamada na Dezire walinisindikiza pamoja, na walikuwa wanagombana kama chupa iwekwe miguuni au mapajani.

Mchana, mbele kidogo ya Lusahunga, basi liliharibika. Jua lilikuwa kali, dereva na utingo wakaingia chini ya injini, na ikapita saa ya kwanza, na ya pili. Nilijua hewa ya kwenye chupa inakwisha. Nikaomba kikombe kwa jirani yangu, mwalimu wa hesabu aliyekuwa anarudi Geita, nikaanza kuchota maji na kuyarudisha kutoka juu ili yapate hewa. Akauliza ni chai gani inayotengenezwa hivyo. Safari hii nilimweleza kila kitu, kuanzia dawa ya mbu. Alichukua kikombe mkononi mwangu, akapanga zamu. Mwanajeshi mmoja alichota dakika kumi. Mama aliyebeba nanasi alichota dakika kumi, huku akiwaimbia. Utingo aliporudi na grisi mashavuni alikuta basi zima limezunguka chupa ya chai, akauliza kuna mgonjwa, mwalimu akamwambia wako wanane.

Walifika Igogo wanane, wazima. Baba aliwatazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa kukubali, akanyoosha uzi wa pamba kama nilivyomwonyesha.

Watu wa kwetu wananiuliza nilijifunza nini Kigali. Kumtambua dume ni kazi ya dakika moja. Kumtambua mtu mzima anayetafuta pa kuanzia kusema amekosa, hiyo nimejifunza kule, na inachukua muda zaidi. Anauliza kama fulani amekonda. Anatoka uani bila shughuli. Ukimwona hivyo, mpangie viti. Si lazima apewe sababu ya maana. Yoyote inatosha, hata sufuria.

Juzi Hamada alituma sauti. Nyuma yake nilisikia cherehani inalia kwa kasi, na Dezire anamwambia ashone polepole. Tangi limehamia Gatsata, uduvi wamezaa, na wamekwisha kosana juu ya idadi ya watoto.

Na leo asubuhi baba aliniita kwa mnong'ono, akanionya nisikohoe. Jike mmoja alikuwa amesimama kwenye jiwe, karibu kabisa na kioo, anapepea mayai chini ya tumbo lake. Tukasogeza nyuso zetu, mimi na yeye, shavu kwa shavu. Mayai yalikuwa ishirini na matatu, yamekomaa, na ndani ya kila yai kulikuwa na macho mawili meusi, madogo kama ncha ya sindano, yote yametukodolea sisi.